Kihispania cha Baba Tuse

Jumapili, 5 Januari

Tusekile amekuja baada ya ibada akiwa na mchumba wake, Efraín. Nikajua kuna jambo, maana binti yangu huyu tangu ahamie Eagan hafiki kwetu Richfield, ingawa kote ni Minnesota hii hii, bila sababu. Kwamba wataoana tulishajua. Tusilolijua ni mahali: hoteli ya ufukweni, Mexico, upande wa Pasifiki, katikati ya Machi.

"Kwa nini huko?" nikauliza. "Kanisa letu lina kasoro gani?"

Efraín akanijibu mwenyewe, kwa Kiingereza cha taratibu. Bibi yake, aliyemlea huko Mexico mpaka alipofika umri wa kwenda shule, amenyimwa viza kila alipoomba. Kijiji chake kiko milimani, na pwani ile ndiyo anayoweza kuifikia kwa basi. "Siwezi kuoa yeye asipokuwepo, mama," akasema.

Tukamgeukia Baba Tuse. Mume wangu Ambakisye alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Tangu kiharusi cha Agosti, mkono wa kulia umerudi, mguu umerudi, ila maneno hayajarudi. Anayasikia yote, anayaelewa yote, lakini akitaka kuyasema yanamkimbia. Anaweza kulitafuta neno "kijiko" mpaka chai ikapoa. Na huyu ndiye aliyekuwa mshereheshaji wa kila harusi ya Watanzania mji huu! Watu walikuwa wanapanga tarehe kwa kumuuliza yeye kwanza.

Leo neno lilikuja lenyewe, safi, bila kutafutwa.

"Siendi."


Jumatano, 8 Januari

Baridi. Kazini maabarani tumekuwa wachache. Baba Tuse hajabadili msimamo.


Jumamosi, 11 Januari

Mama yake Efraín amekuja kututembelea. Anaitwa Maricela, anakaa Saint Paul, West Side, kazi yake ni mkalimani wa mahakama. Mwanamke mfupi, amenyooka kama sindano.

Aliingia akasalimia kila mtu mmoja mmoja, kwa mkono na shavu, hata dada yangu aliyekuwa jikoni na unga mikononi alifuatwa huko huko. Nilidhani ni maringo. Akakaa, akamtazama mume wangu, akamwita kwa jina la heshima la kwao.

"Don Ambakisye, utakunywa kahawa au chai?"

"Anakunywa chai," nikasema.

Maricela akaniangalia kwa upole, akasema, "Doña Tumpe, nimemuuliza yeye." Kisha akanyamaza, mikono magotini, kama mtu mwenye siku nzima ya kungoja.

Nyumbani kwangu! Kwenye kochi langu! Uso uliniwaka moto. Kimya kikawa kirefu mpaka nikasikia jokofu likinguruma. Ndipo Baba Tuse akasema, "Ka... kahawa."

Miezi yote hii nimekuwa nikimpa chai.

Kabla ya kuondoka Maricela akasema atakuja Jumamosi kutufundisha Kihispania kidogo. Anasema watu wa huku wanakwenda kwenye hoteli zile na Kiingereza chao, wanarudi na ngozi iliyoungua bila kujua jina la mtu hata mmoja. "Mtakuwa wakwe zangu," akasema. "Hamwezi kukaa pale kama watalii." Nikamwambia mume wangu haendi. Akajibu kwamba salamu hazimuumizi mtu anayebaki nyumbani pia.


Jumapili, 12 Januari

Nimemwambia Kerubo, jirani yangu Mkenya, kwamba mwanamke yule ana kiburi. Kerubo akacheka: "Na kahawa alitaka ama hakutaka?" Nikabadilisha mazungumzo.


Jumamosi, 18 Januari

Somo la kwanza. Mimi na Maricela mezani, Baba Tuse kwenye kiti chake, amegeukia televisheni iliyozimwa sauti.

Jambo la kwanza, anasema Maricela, ni kwamba huombi kitu kabla hujasalimia. Usimwendee mhudumu ukaanza na taulo au barafu. Buenos días mpaka saa sita mchana, buenas tardes mpaka giza, kisha buenas noches. Ukiingia kwenye lifti, dukani, chumba cha kungojea, unasalimia wote waliomo hata kama huwajui. Na unamwita mtu usted, ile wewe ya heshima, si tú ya watu waliozoeana. Mkubwa wako kwa heshima yake, na mfagiaji kwa heshima yake vile vile, maana hamjazoeana.

Nilicheka. Nikamweleza kwamba kwetu mtoto anayempita mtu mzima bila shikamoo anaulizwa amelelewa na nani. Maricela akataka kujua shikamoo ni nini na hujibiwaje. Akairudia mpaka ikakaa. Saa nzima ikaenda hivyo, mimi nikimpa yangu naye akinipa yake, na kiburi chake sikukiona kilipokwenda.

Alipokuwa anavaa koti, sauti ikatoka dirishani:

"Buenas tardes."

Haikukwama. Haikutafutwa. Mimi na Maricela tukaganda. Yeye ndiye aliyezinduka kwanza, akajibu kama anavyojibiwa mtu yeyote, "Buenas tardes, Don Ambakisye," akafungua mlango akaenda. Mimi nilibaki nimeshika kikombe kitupu.


Jumanne, 21 Januari

Baridi ya kuua. Pua inaganda kwa ndani kabla hujafika kwenye gari.

Tumekwenda kwa Rachelle, mtaalamu wa tiba ya usemi. Nikamsimulia ile buenas tardes. Akafurahi lakini hakushangaa. Anasema kwa wagonjwa wengi salamu, sala na nyimbo hubaki pale sentensi za kawaida zilipoharibika. Anamfundisha kugonga goti polepole kwa vidole na kulipandisha neno juu ya mapigo hayo, kama kuimba. "Mpeni salamu nyingi," akasema.

Nimefikiri njia nzima ya kurudi. Kama salamu ndizo zilizobaki, basi ufukwe ule unaotaka salamu kila hatua si mahali pabaya kwake. Lakini sikusema. Nimeanza kujizuia.


Jumamosi, 1 Februari

Maricela ametupeleka kula, mgahawa mmoja wa Kimeksiko Lake Street. Baba Tuse alikubali kwa sababu ya njaa tu, au alitaka tufikiri hivyo.

Njiani akatufundisha. Kumwita mhudumu: unainua mkono kidogo na kusema disculpe, hupigi mbinja wala hualizi vidole. Kupita mbele ya watu: con permiso, ambayo naona ni hodi ya mtu aliye ndani tayari. Mhudumu hakuletei hesabu mpaka uiombe, la cuenta, por favor, kwa sababu kukuletea bila kuombwa ni kukufukuza. Usikae ukanuna ukidhani umesahauliwa. Ukiambiwa ahorita, inaweza kuwa sasa hivi, inaweza kuwa baadaye, na inaweza kuwa hapana yenye adabu. Na mavazi ya kuogelea ni ya majini. Mezani, mjini na kanisani unajistiri.

"Hilo la mwisho mwambie Tuse," nikasema.

Kisha provecho. Unapowapita watu wanaokula, unawatakia chakula kiwafae. Sisi anayekula ndiye anayemkaribisha mpitaji. Wao mpitaji ndiye anayembariki anayekula.

Mahali palikuwa pamejaa. Meza yetu ilikuwa mwisho kabisa, ukutani. Baba Tuse akatangulia na fimbo yake. Meza ya kwanza, mafundi wa ujenzi na mabuti yao: "Provecho." Wakainua vichwa, "Gracias, señor." Meza ya pili, mama na watoto: "Provecho." "Gracias!" Mpaka tunafika ukutani amesema na mgahawa mzima. Nilikuwa nyuma yake, sikuuona uso, ila mabega niliyaona. Yalikuwa mabega ya mtu anayekwenda kushika kipaza sauti.


Alhamisi, 6 Februari

Betri ya gari imekufa. Kerubo kanipeleka kazini, analalamika ku-drive kwenye barafu njia nzima. Baba Tuse alimwambia buenos días. Kerubo akasema, "Haki huyu mzee anarudi."


Jumamosi, 15 Februari

Siku mbaya.

Tusekile alikuja mchana kupanga ratiba ya harusi. Baba Tuse alikuwa hapo hapo, tunda analimenya. Tuse akaniuliza mimi, kwa sauti ya chini, nani atazungumza kama mzazi wa bibi harusi. Akataja rafiki yetu Hemed kwamba anaweza kusafiri na kusema kwa niaba. Au tuchukue video ya zamani ya Baba akiwa mshereheshaji, iwekwe kwenye skrini. "Ili usipate shida, Dad," akamalizia, ndipo akamgeukia.

Najua mtoto hakuwa na nia mbaya. Alitaka kumkinga. Lakini niliuona uso wa mume wangu ukifungwa kama duka. Alitaka kujibu. "Mi... mi... mimi si..." Neno halikuja. Akajaribu tena. Halikuja. Mimi nikalisema: "Mimi si maiti, ndicho anachotaka kusema." Sijui kama ndicho alichotaka. Akatupa kisu sinkini, akaingia chumbani, na kutoka nyuma ya mlango tukalisikia lile neno lisilomkimbia kamwe.

"Siendi. Siendi. Siendi."

Tuse akalia, akaondoka. Nikampigia simu Maricela kwa hasira zangu zote. Nikamwambia ametupa matumaini kwa vineno vya watalii, kumbe mtu hawezi kumwoza binti kwa provecho. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

Kisha akasema: "Tumpe, kazi yangu nimeifanya miaka mingi. Nasimama karibu na watu walioshikwa na hofu, nachukua maneno yao nawapelekea majaji. Mara nyingi wanakwama. Najua wanataka kusema nini, ninaona kabisa. Sheria ya kazi yangu ni kwamba siwezi kuwamalizia. Nikimmalizia mtu, hata kwa kumpenda, yale si maneno yake tena. Nangoja. Watu hudhani kazi yangu ni kusema. Kazi yangu ni kungoja."

Niliweka simu nikaenda kukaa nje ya mlango wa chumba, sakafuni, mgongo ukutani. Sikubisha, sikuita, sikusema ninachodhani anakiwaza. Nilikaa.

Mlango ulipofunguliwa mwanga wa dirishani ulikuwa umeshageuka rangi. Akaniona pale chini. Akanipa mkono wake wa kulia, ule uliokuwa umekufa, akanivuta nikasimama.


Jumapili, 16 Februari

Kanisani tumekaa pamoja. Hakuimba.


Jumamosi, 22 Februari

Maricela amekuja kama kawaida, na Tusekile akaja pia, macho chini. Akamwendea baba yake, akapiga goti kama nilivyomfundisha utotoni na yeye akaacha alipoanza sekondari. "Shikamoo, Baba. Nilikosea. Nilipaswa kukuuliza wewe."

"Marahaba," akasema. Kisha vidole vikaanza kugonga goti, polepole. Tukangoja watatu. "Ni... u... lize."

"Utakuja harusini kwangu?"

Akatikisa kichwa, si kwa kukataa, alikuwa anawaza. Akamwonyesha Maricela ukurasa wa daftari langu la masomo tulipoishia. Somo likaendelea. Wauzaji wa ufukweni: usijifanye huwaoni, mtazame mtu, mwambie no, gracias, tabasamu, naye ataenda zake bila kuudhika.


Jumatano, 5 Machi

Dhoruba ya theluji. Mji umefungwa, sikwenda kazini. Nimemkuta Baba Tuse chumbani ameweka begi kitandani, ndani yake shati jeupe, viatu vya wazi na Biblia. Sikuuliza. Niliongeza dawa zake na kofia.


Alhamisi, 13 Machi

Tuko hapa. Nilitoka kwenye theluji ya goti jana asubuhi, leo ninaandika jasho likinichuruzika. Bahari hii ina ngurumo, si kama ile ya Dar. Inapiga mchanga kama mtu mwenye ugomvi nao.

Nimemtazama mume wangu siku nzima, na ninataka kuyaandika kabla sijayazoea.

Asubuhi kwenye lifti walikuwemo watu wa kwetu Minnesota, kofia zao zinaonyesha, wote wanatazama namba za juu ya mlango. Baba Tuse akaingia: "Buenos días." Msichana wa usafi aliyejibana pembeni na mashuka yake akainua uso: "Buenos días, señor." Mume wangu akajigusa kifua, "Ambakisye." Msichana naye, "Yadira." Hivyo tu. Mchana Yadira alimpitia bustanini akamwita Don Ambakisye, na jioni wahudumu wawili wakamwita hivyo hivyo, na mpishi wa mayai pia. Mezani kwa jirani bwana mmoja alikuwa anaualizia vidole mgongo wa mhudumu, "Hey! Hey!" Hakuna aliyegeuka. Baba Tuse akainua mkono kidogo, "Disculpe," na maji yakaja.

Mimi mwenye sentensi zangu zote nzima nilikuwa ninazunguka nikitafuta nani wa kumuuliza taulo. Yeye mwenye maneno yasiyojaza kiganja alikuwa muungwana kamili. Nimekaa na mtu huyu miaka thelathini na ushee, nikidhani uzuri wake ulikuwa katika ufasaha. Ufasaha ulikuwa nguo tu.


Ijumaa, 14 Machi

Bibi amefika. Doña Eulalia, mwembamba, nywele nyeupe amesuka mkia mmoja, ametoka usiku kwa basi na hakutaka kulala kwanza. Akaoga, akavaa gauni jeusi, akauliza baba wa binti yuko wapi. Maricela akatunong'oneza: mama mkwe wake anataka kuomba mkono wa bibi harusi, kwa kuwa hakuna mtu mzima aliyekuja kwetu kuuomba inavyotakiwa. Nikastaajabu. Tumevuka nchi nzima kukutana na posa yetu wenyewe.

Tukakaa kwenye kibaraza cha chumba chetu: bibi, Maricela, Efraín na Tuse wamesimama, mimi pembeni ya Baba Tuse. Bibi akazungumza, Maricela akatafsiri.

"Don Ambakisye, nimechelewa, na ninaomba radhi. Ningekuwa na ruhusa ya kufika kwako ningekuja mlangoni kwako. Mtoto huyu nimemlisha kwa mkono wangu. Namwombea binti yako awe mke wake. Unatupa?"

Baba Tuse akavuta pumzi, akafungua mdomo, na likatoka kubwa, la wazi.

"No."

Neno lile halihitaji mkalimani. Efraín alibadilika rangi. Tuse akajishika mdomo. Mimi nilijua, tangu Agosti ndiyo na hapana humgeuka ulimini, anataka moja inatoka nyingine, na uso wake wenyewe ulionyesha kwamba amejisikia na ameshtuka. Sentensi nzima ilikuwa mdomoni mwangu: Anamaanisha ndiyo. Nilimtazama Maricela. Naye alijua. Hakusema kitu. Nikashika ncha za khanga yangu kwa mikono miwili nikaumeza ulimi.

Bibi hakushtuka. Aliinama mbele kidogo, akaweka kiganja nyuma ya sikio, akasema kwa sauti ya chini kabisa:

"¿Mande usted?"

Maricela alinieleza baadaye. Mande ni abee yao. Ndivyo mtu anavyoitika akiitwa, na ndivyo anavyosema asiposikia vizuri: niamuru, sema tena, masikio yangu ndiyo mabovu. Bibi yule alikuwa amesikia. Kila mtu alisikia mpaka bwawani. Alilichukua kosa akaliweka kwenye masikio yake, ili mume wangu apate kuanza upya.

Baba Tuse akafumba macho. Vidole vikaanza kugonga goti.

"Sí," akasema. Goti. "Ndiyo." Goti, goti. "Tuse... ni wa kwetu. Sasa..." Hapo alikwama, na kukwama kule kulikuwa kurefu kuliko kule kwa kahawa. Ndege walipita. Hakuna aliyemsaidia, hata mmoja, na sijawahi kuona watu wakimheshimu mtu namna ile. "Sasa... wa kwenu. Ndaga fijo."

Maricela akatafsiri. Alitafsiri polepole, na kila mahali alipokuwa ametua mume wangu, naye alitua, urefu ule ule, ili bibi apewe maneno yote pamoja na uzito wake. Ndaga fijo, ya lugha yetu ya nyumbani, aliiacha kama ilivyo. Bibi hakuhitaji kuambiwa kwamba ni shukrani. Alinyanyuka akamshika Baba Tuse kichwa kwa mikono miwili, akamchora msalaba kwenye paji la uso kama mtoto wake.

Nililia mpaka khanga ikalowa. Tuse alilia. Efraín alilia zaidi ya wote.


Jumamosi, 15 Machi

Wameoana. Miguu imejaa mchanga, nimecheza mpaka kiuno kinaniuma. Sina nguvu ya kuandika zaidi.


Jumapili, 16 Machi

Asubuhi nilikaa kivulini nikamwacha Baba Tuse atembee ufukweni peke yake. Miezi saba sijamwacha aende mahali bila mimi. Alipiga hatua zake na fimbo, akimsalimu kila anayekutana naye, mpaka akawa mdogo.

Mbali kule nilimwona amesimama na mzee mmoja muuza kofia, zimepangwa kichwani mwake kama mnara. Nilidhani anamwambia no, gracias. Lakini hawakuachana. Mzee akatua mzigo wake mchangani, wakakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Nikawaona mikono inakwenda. Nikamwona mzee anacheka, anajipiga paja. Kisha nikamwona mume wangu anacheka, kichwa nyuma, kile kicheko cha ukumbini, upepo ukanifikishia kipande chake. Mara mbili niliinuka nikakaa tena.

Alirudi jua likiwa juu, na kofia mpya ya majani kichwani, imekaa upande.

"Mlikuwa mnaongea nini muda wote ule?" nikamuuliza, nikangoja.

Akaketi, akanyoosha mguu, akaitengeneza kofia yake kwa makini.

"Yetu," akasema.